Mbuzi Ziingie, Nguo Ibaki Inje

Baba yangu hakusoma sana, na mimi sikumpita kwa mbali, lakini historia ya jeshi la nchi yetu aliijua vizuri. Aliijua kwa vitu vilivyotoka nyumbani mwetu. Askari wa zamani, wale wa nguo ya kijani isiyo na madoa, walitoka na baiskeli. Walikuwa wanakimbia vita, na wengine walitupa hata nguo zenyewe kando ya barabara ya Beni wakaomba suruali za raia, zilizopasuka pia walizikubali. Waliowafuata, vijana wa bote za mpira, walitoka na redio. Kisha wakaja wenye madoa makubwa, wakabeba godoro. Baada yao wenye madoa madogo madogo, na hao ndio waliomaliza mbuzi.

“Na ile suruali yangu ya Misa,” baba aliongeza kila alipofika hapo, “ile sijui ni jeshi gani ilibeba. Ile siku walikuwa wamechanganyika.”

Alisimulia hayo bila hasira, kama mtu anayetaja misimu ya mvua. Nguo ya kwanza ya jeshi kuingia katika ukoo wetu ililetwa na babu, aliyekwenda katika vita vya wazungu akiwa amevaa kaptula ya kaki na kofia nyekundu ndefu. Kaptula iliisha shambani. Kofia, nyanya aliitumia kuwekea mbegu za maharagi na kuitundika juu ya moshi ili wadudu wasizile. Baba alisema hiyo ndiyo nguo pekee ya jeshi aliyoiona ikilisha watu.

Ninaandika haya kwa sababu wiki hii tunajiandaa kuvua matanga ya mume wangu. Watu wa familia wameniomba nisimame siku hiyo niseme maneno juu yake. Mimi si mtu wa kusimama mbele ya watu. Nikisimama nitalia, na yeye hakupenda kilio. Kwa hiyo nimeketi kando ya mashini yangu ya kushona, nguo nyeusi bado mwilini, ninaandika namna alivyoingia katika lupango letu, kiwanja cha nyumba yetu. Mwingine atawasomea.

Mume wangu alikuwa askari. Hakuwa Munande kama sisi. Alizaliwa Kasai, mbali kiasi kwamba mimi sijafika huko mpaka leo.

Tulijuana katika miaka ile serikali ilipoamua kwamba majeshi yote ya vita yawe jeshi moja. Waliokuwa wakipigana jana walipelekwa kambini, wakachanganywa kama tunavyochanganya unga wa muhogo na wa mahindi, wakatoka wamevaa nguo moja. Nguo yenyewe, tunayoiita tenue, ilifika katika mabalo, yaani marobota makubwa. Ilikuwa nzuri, mpya, yenye kunuka dawa ya kiwandani. Shida yake ilikuwa moja: ni kama aliyeikata alimpima mtu mmoja tu, akadhani Wakongomani wote ni yeye.

Wakati huo nilikuwa nimemaliza kujifunza kushona, na nilifanya kazi kwa mama mmoja mnene mwenye kucheka, karibu na soko kubwa la Butembo. Askari, soda kama tunavyowaita, walianza kuja mlangoni kwetu, suruali mkononi. Mmoja aliingia katika yake akabaki na nafasi ya mtu wa pili. Mwingine hakuweza kufunga kifungo cha tumbo. Bosi wangu aliwatazama wamepanga mstari kando ya ukuta, wapole, kila mmoja akingoja zamu yake, akaniinamia sikioni.

“Vita imeisha kweli,” alisema. “Soda anaomba bamupunguzie kiuno.”

Mume wangu alikuwa wa mwisho katika mstari. Alikuwa mrefu mno. Suruali ya serikali ilimfika katikati ya muundi.

“Fundi, unaweza kurefusha?”

“Kurefusha na nini?” nilimuuliza. “Nguo hapana mugomba, haikomalake.”

Akafungua mfuko wake akatoa suruali nyingine, kuukuu, yenye madoa ya aina tofauti, imefuliwa na kukunjwa vizuri.

“Kata hii.”

“Hii ni ya jeshi gani?”

“Ile yangu ya mbele, kabla ya hii.”

“Na ile ya mbele yake?”

“Ile nilisafishia nayo bunduki, ikaisha.”

Nilicheka. Naye akacheka, na nikaona kwamba alikuwa na meno mazuri. Nisiseme uongo: suruali ile niliishona pole pole kuliko kazi iliyohitaji.

Nilimwongezea kipande cha nguo ya zamani chini ya miguu yote miwili. Madoa hayakufanana, lakini nilimweleza kwamba bote zitafunika. Zilifunika kweli, mpaka siku walipoamriwa kuvua bote ili wavuke matope. Mkubwa wao akaona vifundo vya miguu yake, akampigia kelele mbele ya wote: “Wewe! Juu uko wa serikali, chini bado uko muasi!” Walimwadhibu kwa kuteka maji ya jikoni. Alikuja mwenyewe kunisimulia, akiiga sauti ya mkubwa, na bosi wangu alicheka mpaka akaegemea meza ya kukatia.

Alirudi tena na tena. Mara kifungo, mara mfuko umepasuka. Bosi wangu akasema hajaona askari ambaye nguo zake zinapasuka hivyo wakati wa amani. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kimejaa Lingala, lakini alianza kujifunza Kinande. Alijifunza “wabukire”, salamu ya asubuhi, akaitumia asubuhi, mchana na jioni, kwa furaha ile ile, na wamama wa sokoni wakamjibu kwa furaha ile ile.

Siku moja akaacha mzaha. Akaniambia anataka kuja kwetu, aketi mbele ya baba, aseme maneno yanayostahili. Mimi nilitaka hivyo kuliko kitu chochote.

Jioni ile baba na mimi tulikuwa tunakula obundu, ugali wa muhogo, na sombe ya majani yake.

“Papa,” nilisema, “kuko mutu anapenda kukuya kukusalimia.”

“Anafanya kazi gani?”

“Kazi ya serikali.”

“Mwalimu?”

“Hapana.”

“Ni wa kulipisha kodi?”

“Hapana, papa.”

Baba akarudisha tonge katika sahani.

“Anavaa nini?”

Niliinamia sahani yangu. Hilo lilimtosha. Baba akanawa mikono, akaifuta vizuri, kidole kwa kidole, kisha akasema kwa sauti ya chini:

“Mama, na mutu mimi sina shida. Mutu akuye. Lakini ile nguo haipite mulango ya lupango yangu. Imekwisha kupita ya kutosha, na kila mara inatokaka na kitu. Basi sasa inataka kutoka na mutoto?”

“Hatakuya nayo, papa.”

“Akikuya nayo, maneno imeisha. Hutaniambia tena, na mimi sitakuuliza.”

Namjua baba. Ni mfanyabiashara wa maharagi ya Masereka, na bei akiisha kuitaja haishuki. Kwa hiyo nilijua: akifika bila tenue nitaolewa naye, akifika na tenue sitaolewa naye.

Nilimweleza askari wangu maneno hayo. Yeye akasema jambo ambalo sikuwa nimelifikiria.

“Nguo ya raia sina.”

“Hata moja?”

“Hata moja. Tangu nikiwa kijana, waliokuwa wakinilisha ndio waliokuwa wakinivalisha.”

Basi nikamshonea. Koti na suruali, kitambaa cha rangi ya kahawia, na shati jeupe ndani. Miguu ya suruali niliikata mirefu bila kuunga. Siku ya kujaribu alisimama mbele ya kioo, miguu pamoja, mikono imenyooka, kidevu juu, kama anayengoja bendera ipandishwe.

“Repos!” bosi wangu alimpigia kelele, ile amri ya jeshi ya kulegea. “Simama kama mutu, hapana kama nguzo ya umeme!”

Akajaribu kusimama kama mtu. Mkono wake ulishuka pajani kutafuta mfuko, haukukuta kitu. Ukashuka tena. Tenue ina mifuko pajani. Koti la raia halina. Alifanya hivyo kila wakati alipovaa nguo ile, miaka yote, na kila mara alishangaa upya.

Baada ya hapo walimhamisha Beni. Siku ya kuleta mbuzi za kwanza ikapangwa. Kwetu binti haposwi kwa maneno matupu. Mbuzi ndizo zinazosema. Mjomba wangu wa Kalunguta, njiani kati ya Beni na Butembo, kaka ya marehemu mama, alikubali kuwa mshenga. Angemngojea mume wangu huko, wachague mbuzi pamoja kwa wafugaji anaowajua, kisha waje wote wawili Butembo. Mpango ulikuwa mzuri. Mume wangu asafiri na tenue, kwa sababu malori husimama yakiona nguo ile, na kwa sababu mbuzi zingechafua koti. Koti alifunge katika kikwembe, kile kitenge cha kujifunga, alibebe katika mfuko wake. Akifika mjini apite kwanza nyumbani kwa shangazi yangu, karibu na barabara kubwa, abadilishe nguo, ndipo aje kwetu akiwa raia.

Siku yenyewe wazee wa ukoo walikaa na baba barzani, mbele ya nyumba. Wamama walijaa jikoni. Shangazi naye, badala ya kubaki kwake kumngojea mgeni, alikuja mapema kuona kama tumetia chumvi ya kutosha katika sombe, akasema atarudi kwake sasa hivi. Nyumba yake aliifunga kwa kufuli, na ufunguo ulikuwa kifuani mwake.

Ndipo tukasikia sufuria.

Mtu asiye wa kwetu hajui sauti hiyo. Miaka ya vita ilitufundisha hivi: ukiona wezi au watu wa bunduki wanaingia mtaani, usipige kelele peke yako. Chukua sufuria na kijiko, piga. Jirani akisikia, naye anapiga. Kisha wa chini yake. Wenye filimbi wanapuliza, na muda mfupi kilima chote kinalia. Mwizi anabaki katikati ya mlio, hajui akimbilie wapi.

Sauti ilianzia juu kabisa, karibu na barabara, ikashuka nyumba kwa nyumba. Wamama wa jikoni hawakuuliza ni nini. Kila mmoja alishika alichokuwa nacho. Shangazi alinyakua kifuniko cha sufuria ya maharagi, akatoka akikipiga kwa mwiko, mchuzi ukimdondokea kichwani.

“Ni soda!” mtu alipiga kelele kutoka juu. “Soda moja! Amebeba mbuzi za batu!”

Nilijua ni nani.

Yaliyotokea yeye mwenyewe alinisimulia baadaye. Mjomba, walipofika mwanzo wa mji, aliona nyumba inayouza kasiksi, ile pombe ya ndizi. Akamwambia, “Endelea mbele, bokilo, mkwe wangu, nitakukuta.” Kwa hiyo aliendelea peke yake, mrefu, ndani ya tenue, mbuzi zimefungwa katika kamba moja. Alifika kwa shangazi akakuta kufuli. Akasimama kidogo, akiwaza pa kubadilishia nguo. Mama mmoja akamwona. Mama yule alikuwa na akili zake timamu: alichokiona kilikuwa ni kile alichokwisha kukiona mara nyingi. Akachukua sufuria.

Na yeye? Alikuwa amekaa kambini siku zote alizokuwa Butembo, na kambini sufuria hazipigwi. Kwao, alisema, mchumba akikaribia ukweni watu hupiga kila chenye mlio. Akasikia kilima kinaamka, nyumba moja baada ya nyingine, filimbi na mabati na watoto wakiruka. “Nilijiambia, hawa batu ya Butembo, kumbe banajua kupokea bokilo,” alinisimulia. Moyo wake ukajaa. Akavuta kamba ya mbuzi, akashuka katikati ya njia, akiwapungia watu mkono huku na huku.

“Wabukire!” aliwasalimia. “Wabukire!”

Jua lilikuwa limeshapita utosi.

Watu walishangaa ujasiri wa mwizi yule. Hawakumpiga, kwa sababu hajawahi kuonekana mwizi anayesalimia. Walimfuata tu, wakipiga, na kila alipopita wengine waliongezeka. Yeye alijua lupango letu kwa kuelezwa. Alifika mbele ya mlango wetu wa miti ya mikaratusi akiwa na umati nyuma yake kama wa siku ya sikukuu, akasimama hapo, anatoa jasho, anatabasamu.

Ndipo akaona nyuso zao.

“Rudisha mbuzi ya batu!”

“Mwizi!”

“Ile yenye alama nyeupe ni yangu!” jirani mmoja alipaza sauti. “Naijua! Ilipoteaka juma lililopita!”

“Ya kwako?” mke wake alimjibu kutoka nyuma. “Tangu lini tuko na mbuzi?”

Baba alitoka. Alipita kati ya wazee, akafungua mlango, akasimama katikati yake. Sufuria zikanyamaza. Mimi nilikuwa pembeni ya jikoni, mwiko mkononi, na sikuweza kwenda mbele wala kurudi nyuma. Nguo ile, nguo aliyosema isifike, ilikuwa mbele yake, hatua chache kutoka kwa miguu yake.

Mume wangu aliona mzee, akajua ni nani, na kwa mazoea akabana miguu akampigia saluti.

Nilifumba macho.

“Mbuzi ni za nani?” baba aliuliza.

“Ni za kwako, papa.”

“Za kwangu zilikwendaka zamani. Zilikwenda na nguo kama hii.”

Mume wangu akashusha mkono wa saluti. Kisha akasema, kwa kile Kiswahili chake cha kambini:

“Basi, papa, zimerudi na nguo kama hii.”

Mtu mmoja akacheka. Kisha wawili. Bibi mmoja wa jirani, aliyekuwa amebeba sahani ya bati kwa ajili ya vita, aliishusha.

“Ee Mungu,” alisema, “tangu nizaliwe, ile nguo naiona ikitoa mbuzi kwa batu. Leo ndiyo naiona ikileta.”

Kicheko kikashuka kilima kama sufuria zilivyoshuka. Lakini baba hakucheka. Aligeuka akanitafuta kwa macho.

“Ni huyu?”

“Ni huyu, papa.”

“Mimi nilisema nini?”

“Ulisema nguo haipite.”

“Nilisema.” Akamtazama tena mtu yule kutoka kichwani mpaka miguuni, na nikaona macho yake yanasimama kwenye vifundo, pale bote zilipokuwa zimelegea na kipande nilichounga kikaonekana, madoa ya jeshi moja chini ya madoa ya jeshi jingine. “Nani alishona hii?”

“Ni mimi,” nilisema.

Wakati huo mjomba akafika, anapumua, jasho na pombe pamoja. “Mimi ndiye mushuhuda!” alipiga kelele. “Mbuzi tulichagua sisi wawili! Hii kijana ni muzuri!”

“Wewe unanuka kasiksi,” baba alimwambia. “Nyamaza.”

Mbuzi moja ikaanza kula majani ya ua wetu. Baba aliitazama mbuzi ile inavyokula, akaitazama muda mrefu, na mimi sijui mpaka leo alikuwa anawaza nini. Kisha akafungua mlango upana wote.

“Mbuzi ziingie,” alisema. “Nguo ibaki inje.”

Mwanzo hatukuelewa. Shangazi ndiye aliyeelewa kwanza, labda kwa sababu ufunguo ulikuwa unamchoma kifuani. Alivua kikwembe chake cha juu, akakitanda. Mwingine akatoa chake, na mwingine. Wamama wale wale waliokuja kumfukuza walisimama duara katikati ya njia, vikwembe vimeinuliwa kama ukuta, nyuso zimegeuzwa pembeni, wakaanza kuimba. Kichwa cha mume wangu kilibaki juu ya vikwembe, kwa urefu wake, na watu waliona uso wake ukihangaika na vifungo.

“Usichelewe, bokilo, mikono inauma!”

“Amesahau namna ya kuvaa kama batu!”

“Mumusaidie!”

“Nani amusaidie? Wewe na bwana yako akiwa hapa?”

Vikwembe viliposhuka, alikuwa amevaa koti la rangi ya kahawia na shati jeupe, amesimama kama nguzo ya umeme. Mkono wake ukashuka pajani kutafuta mfuko. Tenue alikuwa ameikunja vizuri, pande zote sawa, akaiweka juu ya ua wa misipresi, nje, kama baba alivyosema. Kisha akapita mlangoni.

Baba aliwaambia waliokuja na fimbo: “Ninyi muliokuya kupiga, sasa mubaki kula.” Chakula hakikuwatosha, lakini walibaki. Jirani wa mbuzi yenye alama nyeupe alikula kimya kimya karibu na ukuta, na mke wake akampakulia mara mbili.

Maneno ya wazee yalianza barzani, na mvua ya Butembo ikaanza nayo. Mvua yetu haibishi hodi. Nilikuwa nimeleta maji ya kunawa, nikamwona. Alikaa kati ya wazee, anajibu kila anachoulizwa, lakini macho yalikuwa yanakwenda uani. Askari anayeharibu tenue ya serikali anaadhibiwa, na ile ndiyo ilikuwa yake pekee. Kesho alipaswa kuwa Beni amesimama mstarini. Lakini mchumba hainuki mbele ya wazee bila ruhusa, na kuiomba ruhusa kwa ajili ya nguo ile, mbele ya baba, hakuthubutu. Mimi pia sikuthubutu. Nilisimama na ndoo yangu nikisikiliza matone yanavyozidi juu ya mabati.

Baba alikata neno la mzee aliyekuwa anaongea.

“Ngojeni kidogo,” alisema.

Akainuka. Akachukua mfuko mtupu wa maharagi, akajifunika kichwani, akatoka katika mvua. Tulimwona anavuka uani, anafungua mlango, ananyoosha mkono juu ya ua. Akarudi ameibana tenue chini ya koti lake, na hakumpa mtu. Aliingia nayo jikoni, mahali ambapo sikuwahi kumwona akiingia, akawapita wamama, akaitundika kwenye kamba ya juu ya moto, katikati ya mahindi ya mbegu. Shati upande mmoja, suruali upande mwingine. Alivuta mikono ya shati inyooke, kisha akarudi barzani akaketi.

Shangazi hakuweza kujizuia. “Nguo imepita mulango!” alisema.

“Haikupita,” baba alijibu. “Nimeibeba.”

Hapo ndipo alipocheka, na wazee wote pamoja naye. Mume wangu aliangalia chini, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Nilidhani analia. Alipoinua uso, alikuwa anacheka na kulia pamoja.

Kesho yake alisimama mstarini Beni akinuka moshi na mahindi, na wenzake walimwita jiko mpaka mwezi ukaisha.

Tuliishi vizuri. Sitaandika kwamba hatukugombana. Jeshi lilibadilisha nguo tena na tena. Madoa yalikuja na kwenda, kofia ikawa ya namna hii kisha ya namna ile, na kila tenue mpya ilikuja fupi kwake, nami nikaiunga na ile iliyopita. Alipokuja Butembo, baba alimfungulia mlango mwenyewe. Tenue aliivua getini kila mara, ingawa hakuna aliyemwomba tena, na baba aliichukua mkononi mwake akaiingiza. Huo ulikuwa mchezo wao wawili. Vita vilirudi, na vyenyewe wengine wataviandika. Yeye hakufa kwa risasi. Alikufa kitandani, hospitalini Beni, kwa ugonjwa wa figo, na mkono wangu ulikuwa juu yake. Watu wa kazini walikuja kuchukua tenue. Niliipiga pasi ya makaa kwanza, ndipo nikawapa. Kwangu vilibaki koti na suruali ya rangi ya kahawia.

Juma hili ninashona nguo za kuvulia matanga, kitambaa kimoja kwa familia yote. Cha baba nilikikata jana. Baba sasa ni mzee sana, amepungua. Alikipapasa, akanirudishia.

“Mimi nitavaa ile yake,” alisema.

Nilimletea. Akaivaa juu ya nguo zake. Mikono ya koti ilimfunika vidole, na suruali ikalala sakafuni kama maji yaliyomwagika.

“Nitapunguza, papa. Ni kazi ndogo.”

“Usikate.”

“Utaanguka mbele ya batu.”

“Nitakunja. Ukileta makasi, mimi na wewe tutasumbuana.” Aliinama, akakunja mguu mmoja, kisha wa pili, taratibu. “Alikuwa murefu. Batu baone.”

Kisha akatoka kujaribu, akavuka uani ameshika suruali kwa mikono miwili kama mtu anayevuka kijito, akaenda mpaka mlangoni, akageuka, akarudi. Nilicheka mpaka nikashika mashini.